Hisa Elfu Tano za Hapana

Baridi ya Januari ilikuwa imeukalia mji wa Ramsclough tangu alfajiri, na wahudumu wa uwanja walikuwa wamekwangua barafu kwenye ngazi za jukwaa la mashariki kwa majembe. Bryony Haslam alizipanda ngazi hizo akiwa na pai mbili za nyama na viazi mikononi, moja yake na moja ya Zaheer, na mvuke wake ukimpasha moto kidevu. Hofu aliyokuwa nayo ilikuwa ni ile ya kila wiki, ya goti la mdogo wake Kit, aliyekuwa anacheza leo. Ile nyingine ilikuwa bado haijafika.

Zaheer Lodhi alikuwa ameshamshikia kiti. Walikulia mtaa mmoja, milango miwili kati yao, na tangu darasa la nne hawakuwahi kukubaliana juu ya jambo lolote. Siku hizi Zaheer alitengeneza simu katika kibanda karibu na stendi ya basi, na Bryony, baada ya shahada yake ya hesabu, alikaa kaunta ya maktaba ya mji. Jioni walibishana.

"Umechelewa, Mwalimu," Zaheer alisema akipokea pai. "Nilidhani umebaki nyumbani na lile soko lako la watoto."

"Soko la watoto linaniambia ukweli. Bei ya Ndiyo ikiwa peni thelathini na mbili, maana yake watu wanaamini Kit akicheza mechi kama hii mara mia, atafunga katika thelathini na mbili. Mnada wako unaniambia nne. Nne nini? Mayai?"

"Nne ni nne! Unaweka moja, unachukua nne. Hata bibi yangu anajua, na bibi hajabeti maisha yake yote, anaogopa moto."

"Na wewe huogopi moto?"

"Mimi namwogopa bibi."

Walicheka, na wazee wa safu ya nyuma wakacheka nao, maana katika jukwaa lile hapakuwa na mazungumzo ya siri.

Mabishano hayo yalikuwa ya miaka miwili sasa. Zaheer alikuwa mtu wa mnada, kama alivyouita. Hapo hakuna kampuni inayokupangia bei. Ni watu kwa watu. Mmoja anasema fulani atafunga goli, mwingine anasema hafungi, wakipatana bei dau limefungwa, na mwenye mnada anakata chake kidogo kwa mshindi. Utamu wake ni kwamba unaweza kukaa upande wa yule anayesema hafungi. Uchungu wake ni kwamba ukikaa upande huo ukakosea, unalipa wewe, tena unalipa mara kadhaa ya kile ulichotarajia kukipata. Zaheer aliwahi kulipa namna hiyo mpaka akauza baiskeli. Bryony alilipenda soko la ubashiri kwa sababu halikuwa na mtego huo. Humo unanunua hisa, za Ndiyo au za Hapana, kila moja kwa peni kadhaa. Jambo likitokea, hisa ya Ndiyo inakuwa pauni nzima na ya Hapana inakuwa karatasi. Lisipotokea, kinyume chake. Huwezi kupoteza zaidi ya ulichonunulia. Tena unaweza kuuza hisa zako wakati wowote, hata mpira ukiwa uwanjani, mradi yupo wa kununua.

Bryony aliamini, kwa moyo wake wote, kwamba bei inayowekwa na watu wengi ni njia ya watu wengi kusema kweli. Aliliamini hilo kama wengine wanavyoamini maombi. Na leo, kwa mara ya kwanza, aliziona kweli mbili zimekaa kando kwa kando, na hazifanani.

"Nimefanya kitu," alisema, akiangalia pai yake.

"Umefanya nini?"

"Majina ya kikosi yalipotoka. Mnadani walimpa Kit nne, kwa sababu watu wa nje hawamjui. Sokoni bei yake ilikuwa juu, kwa sababu mji mzima umenunua Ndiyo kwa mapenzi. Kwa hiyo Hapana ilikuwa rahisi, peni sitini na nane. Nikabeti mnadani kwamba atafunga. Halafu nikanunua Hapana sokoni."

Zaheer aliacha kutafuna. Alikuwa mwepisi wa hesabu kuliko alivyotaka watu wajue. "Pande zote mbili."

"Akifunga, mnada unanilipa. Asipofunga, soko linanilipa. Vyovyote nabaki na karibu pauni mia tatu. Hii si kamari, Zaheer. Ni kuokota hela iliyolala njiani."

"Mia tatu? Kwa hiyo umeweka..." Akahesabu, midomo ikicheza. "Bryony. Umetoa wapi elfu nne na ushee?"

Wachezaji walikuwa wanaingia, na uwanja wote ukasimama ukiimba jina la timu, Wafumaji, Wafumaji, kama walivyoimba babu zao waliofuma kweli katika vile viwanda vilivyogeuzwa nyumba za kupanga. Kit alikuwa wa mwisho kutoka. Miaka kumi na tisa, nywele nyekundu kama za baba yao, na mkanda mweusi kwenye goti la kushoto.

"Ni hela ya goti," Bryony alisema.

Zaheer aliijua hela ya goti. Mtaa wote uliijua. Kit alipokuwa na miaka kumi na sita, goti lile lilikatika katika uwanja wa shule na sauti yake ikasikika mpaka kwenye uzio. Mama yao hajakanyaga uwanjani tangu siku ile. Baba yao, fundi wa mabasi, alianza kuweka akiba kwa jina la Bryony, na kabla maradhi hayajammaliza alimwambia neno moja tu juu ya hela hiyo: siku goti litakapomshinda Kit, asianze maisha mikono mitupu. Asome ufundi, afungue kibanda, chochote. Timu ndogo kama Wafumaji haimlipi mtu akishavunjika. Mkataba unaisha Juni na mlango unafungwa.

"Ungeniuliza," Zaheer alisema polepole.

"Ningekuuliza nini? Haiwezekani kupoteza. Nionyeshe pa kupotezea."

Zaheer alifikiri, akatafuta, hakupaona. Hata hivyo hakumaliza pai yake.

*

Mechi ilikuwa ya kombe. Wageni walikuwa timu kubwa kutoka kusini, wachezaji ambao Bryony alizoea kuwaona kwenye televisheni tu, na walifunga mapema. Mji ulipumua kwa huzuni iliyozoeleka. Lakini baada ya mapumziko beki wa Wafumaji, jitu lenye mabega kama kabati, alipiga kona kwa kichwa na ubao ukasoma moja-moja. Kuanzia hapo hapakuwa na mtu aliyekaa.

Bryony alitazama kwa raha. Alijiona kama mtu aliyekaa ndani, dirisha limefungwa, akiangalia mvua. Kit alipopiga mpira ukagonga mwamba wa goli katika dakika za themanini, alipiga kelele kama wote, na chini ya kelele zile kulikuwa na utulivu: afunge, asifunge.

"Dakika zikiisha hivi?" aliuliza Zaheer.

"Marudiano Jumanne, kwao." Bryony alisema bila kufikiri. Baba yao alikuwa akiwasimulia marudiano kama watu wengine wanavyosimulia vita: Jumanne ya mvua, basi la mashabiki likiharibika njiani, yeye akilitengeneza kwa mkanda wa suruali. Kwa mji mdogo, sare na timu kubwa ilikuwa na maana hiyo siku zote. Mpira unaisha dakika ya tisini, mnashikana mikono, mnakutana kwao.

Mzee wa safu ya nyuma akainama kati yao. "Marudiano? Binti yangu, uko wapi wewe? Marudiano walishayazika. Siku hizi sare ni nusu saa ya nyongeza hapahapa, halafu penalti. Wameua kila kitu kizuri, hawa."

"Ah, ndiyo," Bryony alisema. "Nilisahau."

Kweli alikuwa anajua. Aliisoma habari hiyo sheria ilipobadilika, alikasirika kama wengine, hata alitia saini barua ya mashabiki. Lakini tangu wakati huo Wafumaji hawakuwahi kutoka sare katika kombe, na kichwa kilichojua hakikuwa kimeuambia moyo uliozoea.

Ilimchukua muda kidogo. Halafu hofu ya hela ikamfikia, baridi.

"Zaheer. Mnadani, mfungaji wa goli, wanahesabu mpaka lini?"

"Dakika tisini na za majeruhi. Kila mtu anajua hilo."

"Nusu saa ya nyongeza?"

"Haihesabiwi. Dau linafungwa tisini." Alimgeukia. "Kwa nini? Sokoni kwako si..."

Bryony alikuwa ameshatoa simu. Vidole vilikuwa vimekufa ganzi kwa baridi, akagusa pasipotakiwa mara mbili. Masharti yalikuwa chini kabisa, kwa maandishi madogo. Hisa za Ndiyo zitalipwa endapo mchezaji atafunga wakati wowote wa mchezo, ikijumuisha muda wa nyongeza, isipokuwa mikwaju ya penalti.

Alimpa Zaheer simu asome mwenyewe.

Zaheer alisoma. Akasoma tena. "Kwa hiyo akifunga ndani ya nusu saa ile," alisema kwa sauti ndogo, "mnada utasema amechelewa. Na soko litasema amefunga."

"Ndiyo."

"Pande zote mbili zinakugeuka."

Waliosema mshika mbili moja humponyoka walimhurumia mtu. Yeye zingemponyoka zote.

Dakika za majeruhi zilikuwa nne. Bryony alizitazama kwa namna ambayo hakuwahi kutazama mpira. Funga sasa, alisema ndani kwa ndani, funga sasa hivi, Kit, na mambo yatakuwa sawa. Winga alimpasia Kit mpira kati ya mabeki wawili. Akageuka kwa mguu wa kushoto, ule wenye goti bovu, akateleza, akakaa chini kwenye matope. Uwanja ukasema aaah. Kit hakuinuka haraka. Alishika mkanda ule mweusi, akaubonyeza kwa kidole gumba, kama mtu anayepapasa mlango usiku kuona kama umefungwa. Halafu akasimama.

Refa akapuliza kipenga. Sare.

*

Wachezaji walilala kwenye nyasi wakikandwa miguu. Bryony alitazama simu. Dau la mnadani lilikuwa limeandikwa neno moja, limepotea. Sokoni hisa zake elfu tano za Hapana zilikuwa hai bado, na bei yake imepanda mpaka peni themanini na sita.

"Sikiliza," Zaheer alisema. Alikuwa amemshika mkono wa koti. "Usiogope. Imebaki nusu saa, amechoka, anachechemea. Themanini na sita maana yake mara themanini na sita kwa mia hafungi. Wewe ndiye unayeniambia kila siku bei inasema kweli. Tulia, zikiisha bila goli lake unachukua elfu tano, na faida imo humohumo."

"Na nikiuza sasa?"

"Unapata elfu nne na mia tatu. Hasara mia tatu na hamsini. Kwa nini uuze? Kihesabu ni kilekile, Mwalimu! Kuuza na kushika ni kilekile."

Alikuwa sahihi. Kihesabu kilikuwa kilekile. Bryony alimtazama Kit, aliyekuwa amekaa akinywa maji, uso mwekundu, akitabasamu na mtu mmoja jukwaani. Alikuwa anawatafuta. Alipokuwa mdogo pia alifanya hivyo. Kabla ya kupiga mpira alihakikisha kwanza kwamba dada yake anaangalia. Alimwona, akainua mkono.

Bryony akainua wake. Na wakati huohuo, bila yeye kuuita, wazo likampita kichwani: natumaini goti linamuuma.

Hapo ndipo alipoogopa kweli. Hofu ya hela ilikuwa baridi. Hii ilikuwa kitu kingine. Ilikuwa kama kukuta mtu mgeni amekaa jikoni kwako, amevaa nguo zako.

"Siwezi," alisema.

"Huwezi nini?"

"Kukaa hapa nusu saa nikimwombea mdogo wangu akose. Siwezi, Zaheer. Nauza."

Akabonyeza. Kiduara kikazunguka. Kikazunguka. Watu elfu nane walikuwa wametoa simu zao kwa pamoja kumwambia mtu wa nyumbani kwamba Wafumaji bado wako hai, na mtandao wa mji mzima ulikuwa umekabwa koo.

"Haipiti," alisema. "Haipiti!"

"Yangu pia imekufa. Nenda chini, nyuma ya kibanda cha pai, ukutani upande wa mfereji. Hapo hushika."

"Utanishikia kiti?"

"Kimbia, bwana!"

Akakimbia. Ngazi zilikuwa zimejaa watu wanaorudi kutoka chooni, wamebeba vikombe, wanacheka, na kila mmoja alitaka kumwambia kitu. "Unakwenda wapi, dada, mpira unaanza!" "Mwacheni, anaona haya, ndiyo yule dada yake Haslam!" "Mwambie mdogo wako apige chini, mrembo!" Alipita kati yao kwa viwiko. Nyuma yake kipenga kilipulizwa, na uwanja ukanguruma. Wakati huo alikuwa ndani ya giza la chini ya jukwaa, mahali ambapo mpira hauonekani, unasikika tu kupitia saruji, kama ugomvi wa majirani.

Kwenye kibanda cha pai alikuwepo Doreen peke yake, mama wa makamo mwenye aproni, ambaye kwa miaka yote hiyo aliuza pai mechi nzima na kuujua mchezo kwa masikio.

"Kipenzi, umepotea? Mdogo wako yuko juu huko!"

"Nakuja, mama, nakuja."

Ukutani upande wa mfereji simu ilipata vistari viwili. Bei ikarudi kwenye kioo. Themanini na tano sasa. Akabonyeza kuuza zote. Kiduara kikazunguka, kikasimama: zimeuzwa hisa elfu moja. Mnunuzi mmoja, amekula alichotaka, ameondoka. Akabonyeza tena, akashusha bei. Themanini na tatu. Elfu moja nyingine zikaenda.

Halafu hapakuwa na mnunuzi.

Hilo hakuwa amelifikiria kamwe. Katika mabishano yote ya miaka miwili alimwambia Zaheer kwamba sokoni unaweza kuuza wakati wowote, na hakuwahi kuongeza maneno yale manne, mradi yupo wa kununua, kwa uzito uliostahili. Nani angenunua Hapana jioni ile? Mji wote ulikuwa umeshika Ndiyo kwa mikono miwili. Ukweli wa watu wengi ulikuwa umemgeuzia mgongo.

Akashusha mpaka themanini. Kimya. Sabini na tano. Juu yake saruji ikatetemeka, miguu elfu nane, na sauti ikapanda, ikapanda, akafumba macho. Ikashuka kwa mguno. "Kipa!" Doreen alisema kutoka kibandani. "Kipa wao kautoa. Ni Haslam huyo aliyepiga, nakwambia."

Bryony alisikia pumzi yake mwenyewe ikitoka, ndefu, ya nafuu. Akaichukia pumzi hiyo.

Akaandika sitini. Yeyote, alisema. Yeyote, kwa bei yoyote, nichukulieni, nipate kupanda juu. Tarakimu zikaandikwa mara mbili, akafuta, akaandika upya. Akabonyeza. Kiduara kikaanza kuzunguka.

Ngurumo iliyokuja haikupanda taratibu kama ya kwanza. Ilianguka yote kwa pamoja, kama paa. Vumbi likadondoka kutoka kwenye mihimili. Vikombe vya Doreen vikacheza kwenye meza. Juu watu walikuwa wanaruka, wanalia, na kutoka ndani ya kelele ile isiyo na maneno neno moja likaanza kujitenga, silabi mbili, zikipigwa kwa miguu. Has-lam. Has-lam.

Doreen alitoka kibandani mbio, mikono imejaa mchuzi wa pai, akamkumbatia. "Amefunga! Mdogo wako amefunga! Na wewe uko hapa chini, masikini, na wewe uko hapa!" Alikuwa analia. Bryony alimshikilia. Juu ya bega la yule mama aliiona simu yake. Kiduara kilikuwa kimesimama. Soko limesimamishwa.

*

Waliposhinda, watu walivamia uwanja, na ilichukua muda mrefu mpaka Kit akatoka mlango wa wachezaji. Taa za maegesho zilikuwa zimewaka na lami ilikuwa imeanza kung'aa upya kwa barafu. Zaheer alikuwa amesimama na Bryony bila kubishana, jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu darasa la nne. Alipomwona Kit akija na mfuko wa barafu umefungwa kwenye goti, alimgusa Bryony begani. "Nitawasubiri getini," alisema, akaenda.

Kit alikuwa bado na matope shingoni. Uso wake ulikuwa wazi kabisa, kama wa mtoto aliyeamshwa asubuhi ya sikukuu.

"Uliliona?"

Kulikuwa na majibu mengi. Aliyatafuta yote na kila moja lilikuwa rahisi kutamka. Alimtazama yule kijana na nywele za baba yao.

"Sikuliona," alisema. "Nilikuwa chini, kwenye kibanda cha pai."

Alimwambia yote. Mnada, soko, marudiano yaliyozikwa, nusu saa ambayo mmoja anaihesabu na mwingine haihesabu. Alimwambia ni hela gani. Alimwambia kilichobaki, pauni elfu moja na mia sita na themanini, na hisa elfu tatu ambazo sasa si kitu. Hakulia, kwa sababu aliona kulia kungekuwa kuomba. Wakati wote huo Kit aliangalia mfuko wa barafu, na tabasamu lilitoka usoni mwake kidogo kidogo.

"Kwa hiyo goli langu ndilo lililokula hela ya goti langu," alisema hatimaye.

"Mimi ndiye niliyeila."

"Baba angecheka?"

"Baba asingecheka, Kit."

"Hapana." Akafikiri. "Angeitupa simu yako mferejini."

Gari moja lilipita likipiga honi, watu wakichomoza madirishani wakiimba jina lake, na yeye akainua mkono bila kuwatazama. Bryony aliogopa kimya kilichofuata kuliko alivyoiogopa ile ngurumo. Elfu tatu zinaweza kukusanywa tena, kaunta ya maktaba, miaka kadhaa. Alichokuwa anakisubiri kutoka mdomoni mwa mdogo wake hakikusanywi.

"Ulisema uliuza elfu mbili kabla sijafunga."

"Ndiyo."

"Kwa hasara. Na Zaheer alikwambia usiuze."

"Alikuwa sahihi. Kihesabu ni kilekile."

"Sasa kwa nini uliuza?"

Alishindwa kumtazama. "Nilipokuinulia mkono, niliomba goti likuume. Ilinipita tu, lakini niliomba. Nikataka kuondoa kitu hicho ndani yangu kabla hujaanza kukimbia. Nilitaka niweze kukutakia ufunge. Nikachelewa."

Kit aliinama, akafungua ule mfuko wa barafu, akauweka juu ya ukuta. Kulikuwa na chupa tupu ya plastiki karibu na gurudumu la gari. Akaivuta kwa unyayo mpaka ikaja mbele yake.

"Simama pale," alisema. "Karibu na nguzo. Wewe ni kipa."

"Kit, kuna barafu."

"Beki wao alikuwa hapa, mrefu yule. Mpira umetoka kulia. Najifanya naupiga kwa mguu wa kulia, unaona, naye analala."

"Kit, goti lako. Tafadhali."

"Nyamaza, utazame. Hukuliona, sasa litazame."

Alirudi nyuma hatua chache. Bryony alisimama karibu na nguzo, mikono imekunjwa kifuani, na kila kilichokuwa hai ndani yake kilikuwa kinaangalia mahali pamoja, pale mkanda mweusi ulipoishia na lami inayong'aa ilipoanzia. Alitaka kufumba macho. Aliyaacha wazi. Kit akakimbia, akaupeleka mwili kulia, akageuka, na uzito wake wote ukashukia mguu wa kushoto.

"Funga," Bryony alisema kwa sauti. "Funga, Kit."